Kunyanyua Kimyakimya

Kichwa kilianza kumuuma Delphin wiki ileile ambayo jirani yake Nizigama alianza kumpa thobwa baada ya mazoezi, na kwa mtu wa Uvira, mashariki mwa Kongo, hesabu ya namna hiyo haihitaji mwalimu. Thobwa si pombe na si uji. Wamalawi huipika kwa unga wa mahindi, huichanganya na mtama ulioota, kisha huiacha mpaka kesho yake ichachuke kidogo. Ni tamu, ni nzito, ni nyeupe, na ukiitazama kikombeni huoni chini. Hapo kwenye kutoona chini ndipo Delphin alipoanzia.

Kwao watu huogopa karuho kuliko bunduki. Bunduki angalau unaisikia inakuja. Karuho ni sumu ya kutiwa kwenye kinywaji, na mwenye kuitia siku zote ni rafiki, maana nani atakunywa kwa adui? Haiui siku hiyo. Huanza na kichwa, au tumbo, au kikohozi, kisha mtu hukauka taratibu huku aliyemtilia akija kumjulia hali. Kila mtu wa Uvira atakutajia ndugu yake aliyekufa kwa karuho. Ukidadisi vizuri utasikia pia habari za kifua kikuu, ini na uzee, lakini Delphin hakuwa mtu wa kudadisi. Alikuwa mtu wa kushuku, na kazi hiyo aliifanya kwa bidii.

Vita ya pili ya Kongo ilikuwa katika mwaka wake wa tatu. Delphin, mkewe Gentille na binti yao Gabriella walikuwa wamefika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, wakiwa ngozi na mifupa. Huko nyuma alikuwa mkulima wa mihogo mwenye mabega mapana. Hapa, ndoo moja ya maji kutoka bombani ilimlazimu apumzike njiani, na wanawake waliokuwa wakimpita na ndoo zao kichwani walimpa pole ambayo hakuitaka. Waliokuwa wakienda Lilongwe kutafuta vibarua walirudi na habari moja: maghala ya soko la Tsoka yanataka mtu anayebeba gunia bila kuyumba. Delphin akaamua kuurudisha mwili wake.

Aliyemsaidia alikuwa Nizigama, Mrundi wa nyumba ya pili, mtu mrefu, mpole, asiyecheka ovyo. Nizigama aliokota mhimili wa gari bovu, akachomeka kopo la mafuta ya msaada kila upande, akayajaza saruji. Wakongo huita kitu hicho haltere. Yeye alikiita chuma, basi. Kilikaa nyuma ya nyumba yake, ndani ya ua wa nyasi, na kila asubuhi kabla ya foleni ya maji wawili hao walikinyanyua kwa zamu.

Walikinyanyua kimyakimya. Hilo lilikuwa sharti la Nizigama tangu siku ya kwanza.

"Hapa hakuna kuhesabu kwa sauti," alimwambia. "Hakuna kuguna. Chuma unakiweka chini kama mtoto mchanga. Watu wakisikia, watasema tunaandaa askari."

Hakuwa anatia chumvi. Mwaka uliotangulia vijana fulani walifanya karate uwanjani, wakihesabu kwa pamoja, na muda si muda kambi nzima ikawa inajua, ingawa hakuna aliyeambiwa na mtu, kwamba wanafundishwa kwenda kupigana kwao. Wauza nyanya wakaacha kuwauzia. Wazazi wakawakataza watoto kupita karibu nao. Mwishowe vijana hao waliitwa kuhojiwa, na wawili wakaondoka kambini bila kumuaga mtu. Waliokimbia askari hawataki jirani mwenye kifua kipana anayepiga kelele alfajiri, na huwezi kuwalaumu. Kwa hiyo Delphin alibana meno, akafunga mdomo, akanyanyua. Macho yalimtoka pima, mishipa ya shingo ikasimama, na hata pumzi haikusikika.

Mazoezi yakiisha, thobwa ilitoka. Mke wa Nizigama, ambaye kila mtu alimwita Mama Amanda kwa jina la mtoto wake wa kwanza, aliipika ya kuuza sokoni. Ndoo yake ya bluu ndiyo iliyolisha ile nyumba pale chakula cha msaada kilipokwisha kabla ya mwezi. Kikombe cha Delphin kilikuwa cha bure, kwa ajili ya ujirani. Nizigama aliionja kwanza, kama ilivyo desturi kwa Warundi na kwa watu wa Uvira pia, kisha akampa. Delphin alikunywa, akashukuru, akaelekea kwake, na kabla hajafika mlangoni kisogo kikaanza kugonga kana kwamba mtu anapigilia msumari kutoka ndani.

Mara ya kwanza alililaumu jua. Mara ya pili aliilaumu njaa. Baada ya hapo akaanza kumtazama Nizigama anavyoonja.

"Anakunywa kidogo sana," alimwambia Gentille.

"Kuonja njo vile, Baba Gabriella. Ulitaka amalize?"

"Ao iko na dawa. Anakunywa dawa mbele, kisha anaonja."

Gentille alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo. Hakuinua macho. "Na akuue juu ya nini? We uko na nini? Sufuria?"

Swali lilikuwa zuri, na Delphin alilifanyia kazi. Akajiuliza kwa nini mtu amfundishe mwenzake bila malipo. Akajiuliza kwa nini kikombe ni kilekile cha bati kila siku, na kwa nini Mama Amanda humwangalia akinywa mpaka mwisho. Akakumbuka kwamba Nizigama naye alitaka kazi ya Tsoka. Mabega ya Delphin yalikuwa yakirudi haraka kuliko ya mwalimu wake, na ghala haliajiri kambi nzima. Ukishaanza kupanga mambo hivyo, kila kitu kinapata mahali pake, hata tabasamu la mtu.

Asubuhi moja, Nizigama alipoinama kufunga viatu, Delphin aliimwaga thobwa yote chini ya ua, akafuta mdomo kama aliyekunywa. Kichwa kikauma vilevile. Mtu mwingine angeishia hapo. Delphin alisema moyoni kwamba sumu ilishaingia damuni na sasa haihitaji kuongezewa.

*

Nafasi ya kazi ilipatikana kupitia Cyrille, binamu yake aliyekuwa akiishi Kawale, mtaa wa Lilongwe, kwa kuuza viatu vya mitumba. Malori ya mahindi yalikuwa yamefika Tsoka na wabebaji hawakutosha. Delphin alipanda matola, yaani pikapu ya kulipia, akakaa juu ya mifuko ya mkaa, akaenda Lilongwe huku akiogopa mambo mawili: kwamba gunia litamshinda, na kwamba kichwa kitamwangusha mbele za watu.

Gunia halikumshinda. Lilikuwa zito kuliko chuma cha Nizigama, na lilikwaruza shingo, lakini magoti yalikubali. Kilichomshinda mwanzoni kilikuwa kelele. Wabebaji wa pale walikuwa na kiongozi, Mmalawi mfupi mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, ambaye kabla ya kila gunia aliita, "Nyamulaaa!" yaani nyanyua, na wote wakajibu, "Eeee!" huku mzigo ukipanda begani. Delphin alichezesha midomo tu. Yule mfupi alimsogelea, akatega sikio mpaka mdomoni pake, akasema kwa huzuni ya kujifanya, "Iwe, sindikumva!" yaani wewe, sikusikii. Wenzake wakacheka mpaka mmoja akadondosha mzigo. Kuanzia hapo Delphin alijibu kwa koo lote, maana kuchekwa na watu usiojua lugha yao kunachoma zaidi.

Alibeba mpaka jioni, kesho yake akabeba tena, na malori yaliyofuata pia. Alikula nsima, ugali wa Wamalawi, na dagaa kando ya barabara. Alikunywa hata thobwa, aliyoinunua kwa mwanamke asiyemjua, na aliinywa kwa kujilazimisha, kama anayempima adui. Kila jioni, akirudi Kawale kwa miguu, alisubiri ule msumari wa kisogoni. Haukuja. Mgongo uliuma, miguu iliuma, kiganja kilitoka malengelenge. Kichwa kilikuwa chepesi kama cha mtoto.

"Umeona sasa?" alimwambia Cyrille. "Mzigo ya huku ni kubwa. Thobwa ni ileile. Kichwa haiumi. Haikuwa mzigo, haikuwa thobwa. Ni mkono yenye ilikuwa inanipa."

Cyrille, ambaye alikuwa mtu wa Uvira kama yeye, alitikisa kichwa taratibu. "Warundi," alisema, kana kwamba hilo ni jibu. Hakuna hata mmoja wao aliyewaza kuhusu zile kelele.

Malori yalipokwisha, Delphin aliahidiwa kuitwa tena. Akarudi Dzaleka na sabuni, sukari, gauni la Gabriella, na uhakika.

*

Jumapili, wakati wa ushuhuda, alisimama kanisani.

"Bwana Yesu asifiwe."

"Amina!"

"Mi niko na neno moja tu. Kuna mkono ilikuwa inanipa kikombe, na ndani ya kikombe mulikuwa kifo. Mungu akanitosha pale, akaniondoa, akanipeleka fasi ingine, nikapona. Mi sitataja jina. Mwenye masikio asikie."

Kanisa likalipuka kwa haleluya. Gentille, upande wa wanawake, aliinamisha uso ndani ya kitenge. Alijua, na kila mtu alijua, kwamba kutotaja jina ndiko kubaya zaidi. Jina likitajwa, mwenye jina anaweza kusimama akajibu. Lisipotajwa, watu hulitafuta wenyewe, na wakilipata hawalirudishi. Kwaya haikumaliza wimbo wake kabla vichwa havijageukiana. Delphin alikunywa kikombe cha nani kila asubuhi? Alikuwa na kikombe kimoja tu.

Jumatatu Mama Amanda alirudi kutoka sokoni na ndoo imejaa. Siku iliyofuata akarudi nayo imejaa, na thobwa ilikuwa imechacha, akaimwaga nyuma ya nyumba. Bombani wanawake walivuta ndoo zao mbali na yake. Amanda, mtoto wa darasa la tatu, alirudi kutoka shuleni akiuliza karuho ni nini. Nyumba ile ilikuwa inakula kwa ile ndoo, na sasa ilikuwa ikipika mara moja kwa siku.

Nizigama alikuja mwenyewe. Alisimama nje, akakataa kigoda.

"Delphin. Ni mimi?"

"Mi sikutaja jina."

"Nimesikia hukutaja. Ninakuuliza."

Delphin aliangalia vidole vyake vya miguu. Kushuku nyuma ya mtu ni rahisi. Mbele ya uso wake kunachosha. "Kichwa njo inajua," alisema. "Lilongwe nilibeba magunia, haikuuma hata kidogo. Hapa kwako inauma. Mi nifanye aje?"

Nizigama alitazama upande wa ua wake wa nyasi. Kisha akasema, "Njoo uchukue chuma. Sikitaki tena kwangu," akaondoka. Mgongo wake ulikuwa umenyooka, na Delphin alikasirika kuona mtu mwenye hatia anatembea vile.

*

Chuma kikahamia kwa Delphin. Alijenga ua mdogo wa nyasi, akaendelea na mazoezi peke yake, asubuhi na mapema, kimyakimya, bila thobwa, bila Mrundi. Malori mengine yangekuja na alitaka kuwa tayari.

Siku ya kwanza kichwa kilimuuma mpaka akatapika.

Alilala chini, kitambaa chenye maji usoni, na akili yake, ambayo haikuzoea kukaa bure, ikaanza tena kutafuta. Alikuwa amekula nini? Maharagwe. Nani aliyapika? Akafumbua jicho moja akamtazama mkewe.

Gentille aliliona lile jicho. Alikuwa amekaa nalo miaka minane. Akaweka mwiko chini.

"Sasa ni mimi?" alisema. "Nimekutia karuho kwa maharagwe? Ngoja nikuambie kintu, Baba Gabriella, na leo utanisikia. Nimekuangalia asubuhi. Unafunga mdomo sawa mtoto anakataa dawa. Unajaza kifua, macho inatoka, shingo inavimba, hutoi pumzi mpaka unaweka chuma chini. Wakati nilikuwa nazaa Gabriella nilifanya hivyohivyo. Niliona haya kulia, nikashika pumzi. Kichwa ilitaka kupasuka. Ule mama mzalishaji akanipiga kofi ya paja: Pumua, we muke! Unashika pumzi sawa mwizi chini ya kitanda!"

"Kuzaa na kunyanyua ni mambo mbili."

"Yote ni kusukuma. Tsoka mulikuwa mukinyanyua aje?"

Delphin alifungua mdomo ajibu. Masikioni akamsikia yule mfupi wa Tsoka. Nyamulaaa. Alijisikia mwenyewe akijibu kwa koo lote, na pumzi yote ikitoka, gunia baada ya gunia.

Kesho yake alinyanyua mdomo wazi, akitoa pumzi kila chuma kilipopanda. Haikuwa hata na kelele ya maana. Alinyanyua mpaka mikono ikatetemeka, kisha wakakaa wawili hao kizingitini kusubiri. Jua lilipanda. Gabriella aliamka, akaomba uji. Kichwa hakikuuma. Gentille akacheka kwanza, akampiga bega, naye akacheka. Halafu wote wawili wakaacha kucheka, maana kutoka pale kizingitini waliiona nyumba ya pili, na ndoo ya bluu imefunikwa, imewekwa kivulini, na hakuna aliyeigusa.

Delphin aliona haya kiasi ambacho hakuwahi kuona tangu azaliwe. Alitamani kichwa kimuume.

*

Alianza kwa Mchungaji Norbert, kwa sababu kule ndiko alikoharibu. Aliomba apewe tena nafasi ya ushuhuda.

"Utasema nini?" mchungaji aliuliza.

"Kwamba haikuwa yeye."

"Nani?"

"Nizigama."

"Lakini hukutaja jina." Mchungaji alisema hivyo kwa upole, kama anayemsaidia. "Ukisimama useme si Nizigama, njo utakuwa umemutaja sasa, ndani ya nyumba ya Mungu. Batu batasema, kumbe ilikuwa kweli. Acha, mwana. Batasahau."

Delphin alijua kwamba hawatasahau. Yeye mwenyewe hajawahi kusahau mtu hata mmoja aliyewahi kuambiwa habari zake.

Akaenda nyumba ya pili. Mama Amanda alimzuia mlangoni, mkono juu ya fremu. Nyuma yake zilionekana nguo zimefungwa kwenye shuka.

"Mume wangu hataki kukuona," alisema. "Jumamosi nitauza mara ya mwisho. Wasiponunua, tunaondoka, tutapanga chumba mjini. Huko posho haipo, lakini pia hawatujui."

"Mama Amanda, nimejua kilichoniuma. Ilikuwa pumzi."

"Pumzi," alirudia yule mama, na akamtazama kama mtu anayetazama thobwa aliyouziwa na asiyemwamini. "Ulisema mbele ya watu. Kwangu usinong'one."

Ijumaa Delphin hakula. Gentille alikaa karibu naye, na kwa mara ya kwanza tangu jambo hili lianze hakumtania.

"Ukienda sokoni useme ni pumzi," alisema, "batakuuliza swali moja tu. Juu ya nini ulikuwa unafunga mdomo? Mutu ananyanyua kintu asubuhi, anajificha, hataki asikiwe. Utasema aje? Nizigama njo aliweka ile sheria. Ukisema ukweli, unamutosha kwa karuho, unamuingiza kwa uaskari."

"Nimewaza ile."

"Na?"

"Sitasema ukweli yote."

Gentille alimshika mkono. Aliogopa, na hakuficha kwamba anaogopa.

*

Jumamosi soko la kambi lilikuwa limejaa. Delphin alitoka kwake na chuma begani, mchana kweupe, akapita katikati ya njia. Watu walimpisha. Kitu ambacho kilikuwa kimefichwa miezi yote nyuma ya nyasi sasa kiliwapita usoni, makopo mawili ya saruji yakiyumba, na minong'ono ikakifuata kama inzi.

Mama Amanda alikuwa amekaa nyuma ya ndoo yake. Nizigama alikuwa kando, akipanga vikombe ambavyo hakuna aliyevitaka. Kuzunguka kwao palikuwa na nafasi tupu, ambapo hata muuza nyanya wa jirani, Mama Eugénie, alikuwa amesogeza meza yake. Delphin aliingia kwenye ile nafasi akaweka chuma chini. Aliuacha mlio usikike.

"Sikiliza!" alisema. "Mi njo ule mutu wa ushuhuda. Nilidanganya. Nilisema kuna mkono ilinipa kifo. Ile mkono ni ya Nizigama, na ndani ya kikombe mulikuwa thobwa tu. Kichwa yangu iliuma juu nilikuwa nanyanyua hii kintu na kushika pumzi. Muangalie!"

Akainama, akashika mhimili, na akaita, kwa sauti ambayo Dzaleka haikuwahi kuisikia kutoka kwake, "Nyamulaaa!" Akajibu mwenyewe, "Eeee!" Chuma kikapanda juu ya kichwa. Watoto wakacheka. Akarudia, na tena, jasho likimtoka, mpaka kicheko kikaisha. Kisha akaweka chuma chini, akachota mwenyewe kwenye ndoo, hakumsubiri mtu aonje, akanywa kikombe chote.

"Niko hapa," alisema. "Kichwa haiumi. Mukae muniangalie mpaka jioni kama munataka."

Watu walimwangalia. Mtu mmoja alisema, "Pumzi?" na mwingine akamjibu kwamba ni kweli, shangazi yake alikuwa hivyo akitwanga. Kwa dakika ile Delphin aliona mambo yanakwenda vizuri, na moyo ukaanza kumtulia. Ndipo Mama Eugénie alipouliza, bila ubaya, mikono yake ikiwa bado juu ya nyanya:

"Lakini juu ya nini ulikuwa unashika pumzi?"

Vichwa vikamgeukia Delphin.

"Ulikuwa unafanya mazoezi ya nini yenye haitakiwi kusikiwa?" aliuliza mwanamume mmoja nyuma.

Nizigama aliinua kichwa. Delphin alimwona anafungua mdomo, alimwona kabisa kwamba atasema, maana alikuwa mtu wa namna hiyo, na akamuwahi.

"Ni mi," alisema. "Nizigama hajui kintu. Chuma ni yangu, iko kwangu, mumeona bote nimeitosha kwangu. Yeye alinipa thobwa tu, jirani na jirani. Mi njo nilitaka kimya."

"Unajiandaa kwenda wapi?"

"Tsoka. Kubeba magunia."

Mtu alicheka, na hakikuwa kicheko cha kufurahi. Delphin alikijua kicheko hicho. Alikuwa amekitumia yeye mwenyewe, Nizigama alipomwambia kwamba thobwa ni ya ujirani tu. Aliona macho yakimpima mabega, kifua, shingo, yale yote aliyoyarudisha kwa taabu, na akaona mwanamke mmoja akimvuta mtoto wake kwa mkono. Kuhusu Tsoka alikuwa amewaambia kweli tupu, na kwa watu wale kweli hiyo haikutosha.

Mama Eugénie akasogea. Alisogea mbali na Delphin, na kwa kuwa upande ule ndiko kulikokuwa na ndoo, akajikuta amesimama mbele ya Mama Amanda. Akatafuta chenji kwenye kitenge chake. "Nipe moja," alisema. Akanywa. Mwanamume aliyekuwa nyuma akaja, bado akimtazama Delphin kwa pembe ya jicho, akaomba naye. Wakaja wengine, wakajazana pale kwa ndoo wakiongea kwa sauti ya chini, na walichokuwa wakiongea si thobwa.

Delphin alibeba chuma chake. Hakuna aliyemsaidia kukiweka begani. Aligeuka mara moja tu. Nizigama alikuwa akisuuza vikombe, ameinama, hakuinua uso, na hivyo ndivyo ilivyopasa, maana angeinua uso watu wangekumbuka kwamba walikuwa wawili. Delphin alijua hivyo, na bado ilimuuma kwamba hakumtazama.

Habari zilikuwa zimemtangulia. Alipoingia kwake, mlango wa majirani wa mbele ulikuwa umefungwa, na Gabriella alikuwa ndani, amekatazwa kutoka. Gentille alikuwa amepiga magoti juu ya mkeka, anakunja blanketi. Sufuria ilikuwa tayari ndani ya ndoo.

"Bamenunua?" aliuliza.

"Bamenunua."

"Basi muzuri," alisema Gentille, akavuta blanketi la pili, akampa ncha moja amsaidie kulikunja.